Je, Kipimo cha Damu Kinaweza Kuonyesha Presha ya Macho?

Wateja wengi hufika kwenye kliniki yetu na majibu ya maabara mkononi. Sukari imepimwa, mafuta ya damu yamepimwa, na swali ni lile lile: glakoma, hii tunayoiita presha ya macho, humu haionekani? Haionekani. Hadi leo hakuna kipimo cha damu cha kuitambua. Lakini swali ni zuri, na watafiti wanahangaika nalo kweli kweli.

Glakoma huua polepole mshipa wa fahamu unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Mara nyingi haiumi. Uoni wa pembeni ndio huanza kuliwa, hivyo mtu anaweza kusoma vizuri herufi za ubaoni, kisha akitoka anagonga bega kwenye fremu ya mlango. Kilichokufa hakirudi. Matone, leza na upasuaji, vyote kazi yake ni kushusha presha ndani ya jicho. Ila wapo wanaozidi kupoteza uoni hata presha ikishuka, na wapo ambao presha yao haikuwahi kuvuka 21, kikomo cha juu cha kawaida.

Kwa hao, huenda damu ina la kusema. Mwaka 2017 watafiti wa Jackson Laboratory, Marekani, waliwapa panya wenye glakoma vitamini B3 aina ya nikotinamidi, na mishipa ya macho yao ikahimili. Kutokana na vitamini hiyo mwili hutengeneza NAD, kemikali ambayo mitokondria, vinu vidogo vya nguvu ndani ya seli, huihitaji ili kuipa seli nguvu. Mwaka 2019, Ufaransa, damu za wagonjwa zikakutwa na nikotinamidi kidogo. Kisha 2024 timu ya London ikapima seli za damu za wagonjwa 139 ambao tayari walikuwa kwenye matibabu. NAD yao ilikuwa chini kuliko ya watu wasio na glakoma, na wale ambao seli zao zilitumia oksijeni kidogo ndio waliopoteza uoni haraka zaidi.

Hili linatupa moyo sana. Kipimo hicho kikithibitishwa, daktari atajua mapema nani wa kukaziwa matibabu na kuonwa mara kwa mara. Kwa sasa bado kiko mikononi mwa watafiti, sisi hatukiuzi. Na tafadhali, usijinunulie B3 ya dozi kubwa, kwani inaweza kuumiza ini. Matone yako usiyaache.

Leo glakoma inatambuliwa kwa kupima presha ya jicho, kutazama mshipa wenyewe na kupima upana wa uoni. Mzazi, kaka au dada yako akiwa nayo, njoo hata kama unaona vizuri, kwa sababu sisi Waafrika hutuanza mapema na kwa ukali zaidi. Ukija, beba chupa za dawa unazotumia, na utuambie kama una pumu, maana timolol, mojawapo ya matone ya glakoma, huweza kubana kifua. Usije ukiendesha gari: matone ya kupanua mboni huacha ukungu machoni kwa saa kadhaa.