Swaleh, ni kuhusu sanduku la babu

Swaleh,

Assalaam aleikum, vipi baridi ya Nairobi? Sisi wazima, joto tu na stima kupotea. Najua nimenyamaza tangu Ramadhani, utanitukana baadaye.

Juzi ami kataka kulitupa lile sanduku la bati la babu, ati linaleta mende, nikalidaka mlangoni. Ndani mna kofia yake ya navy, imeliwa na nondo mpaka umebaki ukingo. Unakumbuka tulivyokuwa tukimcheka? "Babu alienda vitani kufagia!" Na wewe ndiye uliyemletea ufagio wa chelewa, usikatae.

Sasa ndo nimeelewa alichokuwa akifagia. Mwaka 1942 manowari za Waingereza zilimkimbia Mjapani huko Colombo zikahamia Kilindini, sasa njia ya kutokea bandarini lazima ihakikishwe haina mabomu yaliyotegwa majini kwa mnyororo. Basi kina babu wa KRNVR, kile kikosi cha wanamaji wa kujitolea wa Kenya, wanatangulia wao na kijimeli chao, wanaburuza waya majini, waya ukinasa mnyororo wa bomu unaukata, bomu linaibuka linaelea, wanalipiga risasi kwa mbali. Ukilipitia juu kabla waya haujalifikia, basi tena. Kisha jioni mtu arudi Kibokoni anywe kahawa kama katoka sokoni. Kufagia!

Halafu lile la nduguye, alilisimulia mara moja tu, tena gizani stima imekatika. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka hapa Mombasa kwenda Colombo na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, mdogo wake ndani. Tarehe 12 nyambizi ya Mjapani ikaipiga karibu na Maldives, dakika mbili hata hazikutimia imezama, watu karibu 1,300. Babu akawa asema tu njia tuliisafisha, ilikuwa safi, mpaka bibi akamwambia basi baba fulani. Yani nikilifikiria hilo... wacha.

Ombi langu: makaburi ya vita ya Ngong Road kuna mnara una majina ya hao waliozama. Nenda Jumapili unitafutie, ukoo ni huu wetu, japo Mzungu huenda kauandika anavyojua yeye.

Utaweza kwenda? Picha wanaruhusu? Mkeo ashajifungua au bado? Na ile siku ya ufagio, babu alituambia nini vile? Mie nakumbuka aliupokea akaanza kufagia baraza kimyakimya, au nimeota?