Wanaopika na wanaofua waulizwe kabla ya fundi kuanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie vyumba viwili ambavyo katika nyumba zetu nyingi hupewa fedha zinazosalia baada ya sebule kukamilika, yaani jiko na mahali pa kufulia. Mimi na mume wangu tunavikarabati kwa mikono yetu wenyewe katika nyumba tuliyoinunua hapa Tanga, iliyojengwa miaka ya 1970, na kadiri kazi inavyoendelea ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kasoro yake kubwa ilianza siku ilipochorwa ramani, kwa kuwa mtu atakayevitumia vyumba hivyo hakuulizwa hata swali moja.

Nianze na kimo cha kaunta ya jiko. Mafundi wengi huijenga kwa sentimita 90 kutoka sakafuni kwa mazoea, na kwa mpishi mrefu kipimo hicho hakina tatizo. Hata hivyo, kipimo halisi hutokana na kiwiko cha anayepika: anayekatakata mboga hupata nafuu kaunta ikiwa chini ya kiwiko chake kwa sentimita 10 hadi 15, na anayekanda unga au kusukuma chapati huhitaji ishuke zaidi, ili uzito wa mwili usaidie kazi na mabega yasibebe yote. Kabla ya kubomoa chochote, mume wangu aliweka ubao juu ya matofali, mimi nikasukuma chapati huku yeye akiongeza na kupunguza vipande vya mbao chini yake, na mabega yangu yalipoacha kupanda akapiga mstari wa penseli ukutani. Mstari ulisoma sentimita 82. Kaunta ya zamani ilikuwa juu ya mstari huo kwa zaidi ya upana wa kiganja, na bila shaka aliyeijenga hakuwahi kusimama hapo asubuhi nzima akiandaa chakula cha watu wanane. Hatukuishusha yote. Upande wa sinki tuliuacha juu, kwa sababu mikono ya anayeosha vyombo hufanya kazi ndani ya sinki, chini kabisa, na kaunta ikishushwa hapo mgongo ndio unaolipa.

Mahali pa kufulia hali ni mbaya zaidi, maana katika ramani nyingi nilizoziona hapajachorwa kabisa. Nyumba inaisha kwenye mlango wa nyuma, kisha linafuata bomba moja la uani, sakafu ya saruji inayotuamisha maji, na beseni lililowekwa chini ambalo mtu analiinamia kwa saa kadhaa akikamua mashuka na mataulo yaliyolowa. Mama zetu walifua hivyo, na wengi wao leo wanatembea wameshika kiuno. Sisi tumejenga karo la kufulia la zege lenye kimo cha kiuno, lenye ubao wa zege ulioinama kuelekea ndani, na kabla zege halijashika mume wangu alichora mifereji myembamba juu yake kwa ncha ya mwiko ili nguo ipate mahali pa kusuguliwa. Tulilifunika kwa magunia na kulimwagilia asubuhi na jioni kwa wiki nzima, kwa sababu saruji hupata nguvu kwa kuunganika na maji, na zege linaloachwa likauke upesi juani hupasuka na kubaki dhaifu. Juu yake tumeezeka paa dogo na kujenga ukuta wa matofali ya matundu, ili nguo zikauke hata wakati wa masika.

Wasomaji wa mwambao wanisikilize katika jambo moja dogo: mchanga wa ufukweni usitumike. Chumvi yake huozesha nondo ndani ya zege na kutoa ukungu mweupe ukutani ambao rangi haiuzibi.

Sehemu ya kazi iliyonifunza mengi zaidi ni ile isiyoonekana mara marumaru zinapowekwa. Maji hayapandi mlima, lakini mabomba mengi ya maji machafu hulazwa kwa kukadiria kwa jicho tu, kisha mwenye nyumba hulalamikia sinki linalorudisha maji na harufu. Bomba la sinki hutakiwa kushuka kiasi cha sentimita 2 na nusu kwa kila mita moja. Tulipima mteremko huo kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, kifaa ambacho kila fundi ujenzi anacho na ambacho hakihitaji shahada kukitumia: mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, maji yanapotulia yanakuwa sawa pande zote mbili na tofauti inapimwa kwa rula. Maji ya jiko tumeyapitisha kwanza kwenye chemba ndogo ya kunasa mafuta, kwa kuwa mafuta ya kupikia hushuka bombani yakiwa ya moto na kuganda yanapopoa, hadi njia ikaziba. Maji ya kufulia tumeyatenga na shimo la maji taka, maana yakiingia mengi kwa mkupuo mmoja huutibua uchafu uliotulia na kuusukuma kwenye shimo la kunyonya maji yanayotoka humo, ambalo likishaziba hakuna dawa isipokuwa kuchimba jingine.

Lipo pia suala la mashine za kufulia, ambazo sasa zinaingia katika nyumba nyingi za mijini. Nimewasikia jamaa kadhaa wakisema wameuziwa mashine mbovu isiyojaza maji, ilhali hitilafu iko kwenye tangi. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa mgandamizo wa takriban bar moja, kwa hiyo tangi lililo kwenye mnara wa mita 3 linatoa bar 0.3 tu, na mashine nyingi zinazojiendesha zenyewe hutaka angalau bar 0.5, kama kitabu chake cha maelezo kinavyoonyesha kwa mtu anayekisoma. Mwenye nyumba achague: ainue tangi, aweke pampu ndogo, au anunue mashine ya matenki mawili ambayo hujazwa hata kwa ndoo. Uamuzi huo ungefanywa wakati wa kuchora ramani usingemgharimu chochote zaidi ya kalamu.

Umeme hatukuugusa. Tulimwita fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na ninawasihi wanandoa wote wenye moyo wa kujifanyia kazi wasithubutu kuvuka mpaka huo, kwani jiko na mahali pa kufulia ndipo maji, mikono iliyolowa na umeme wa volti 230 hukutana. Kujifunza kwetu hata hivyo hakukupotea, kwa sababu tuliweza kumuuliza maswali ya maana: kama soketi zitawekewa waya wa milimita 2.5 za mraba na jiko la umeme waya mnene zaidi wa milimita 6 za mraba, kama waya wa ardhi umefika kweli kwenye fimbo iliyozikwa nje, na kama ataweka swichi inayokata umeme mara unapovuja kwa miliampia 30. Alifurahi kuulizwa. Wapo waliotuambia kwamba tunawanyima mafundi riziki, na jibu langu ni kwamba mafundi wa kweli hawapungukiwi na kazi kwa sababu mwenye nyumba amepata ujuzi; wanaopungukiwa ni wale waliozoea kufunika kasoro kwa marumaru, wakijua hakuna atakayechungulia chini yake.

Gesi nayo inastahili mjadala mpana kuliko unaofanyika sasa. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, na mimi naliunga mkono lengo hilo kwa moyo wote, kwa kuwa nimekulia katika moshi wa kuni na najua ulivyomtesa bibi yangu macho na kifua. Lakini mitungi ya gesi inaingizwa katika majiko yaliyojengwa kwa ajili ya mkaa, au yasiyojengwa kwa ajili ya chochote. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya chini, kwa hiyo dirisha la juu peke yake haliiondoi. Tulitoboa matundu ya hewa chini ya ukuta, karibu na sakafu, tukayawekea wavu wa kuzuia panya, na mtungi tukaupatia kibanda chake cha matofali upande wa nje chenye mlango wa matundu. Kazi hiyo ilihitaji tindo, nyundo na mfuko wa saruji.

Baada ya kuyaona haya, ninayo maombi mawili kwa wahusika. La kwanza naliwasilisha kwa VETA na vyuo vingine vya ufundi: waandae kozi ya mwenye nyumba, ya Jumamosi au ya jioni, isiyokusudia kumpa mtu ajira bali kumwezesha kusoma ramani, kupima mteremko, kuchanganya saruji na kujua mahali pa kusimama na kumwita fundi mwenye leseni. Mume na mke wahudhurie pamoja, maana katika nyumba yetu vipimo vyote vilivyofaa vilipatikana pale ambapo mmoja alitumia chumba na mwenzake akapima.

La pili ni kwa halmashauri zetu. Mwombaji wa kibali cha ujenzi huwasilisha ramani ikaguliwe kabla ya kuanza kujenga. Ninaomba maofisa wanaozikagua ramani hizo wadai zionyeshe wazi mambo matatu zaidi: mahali pa kufulia palipoezekwa, njia ya maji machafu kuanzia kwenye sinki hadi mwisho wake pamoja na mteremko ulioandikwa, na mahali pa mtungi wa gesi penye hewa, na kwamba ramani isiyo na mambo hayo irudishwe kwa mchoraji.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga.