Foraji bila simenti ni hatari kwa mtaa mzima

Bwana Mhariri,

Ninasoma gazeti lako tangu nilipokuwa bado kazini, na miaka yote hiyo sikuwahi kukuandikia. Ila ile habari yenu ya foraji za Lubumbashi, yaani visima virefu vinavyotobolewa kwa mtambo, yenye picha ya maji yanayoruka juu ya mtambo huku watoto wanashangilia, siwezi kuinyamazia. Mwandishi wenu amesema mji wetu umekaa juu ya ziwa, kwamba kila mwenye parseli, yaani kiwanja, akitoboa atalifikia, na kwamba maji ya mita 60 ni safi kwa kuwa yametoka chini sana. Yote matatu si kweli, na la tatu linaua watu.

Hakuna ziwa, Bwana Mhariri. Chini yetu kuna mawe. Juu ni udongo mwekundu tunaoujua wote, chini yake mfinyanzi na mawe yaliyooza, kisha mwamba wenyewe: pengine dolomia, jiwe linalofanana na lile la chokaa, pengine yale mawe ya tabaka nyembamba ambayo sisi watu wa sondaji, kazi ya kutoboa miamba, tunayaita shisti. Zamani sana miamba hiyo ilikunjwa, tabaka zikasimama au zikalala upande. Kwa hiyo parseli mbili zinazotazamana kwenye avenyu moja zinaweza kuwa juu ya mawe mawili tofauti. Jirani anapiga dolomia yenye nyufa, maji yanajaa. Wewe unalipa mita zile zile na kupata vumbi. Watu wameshagombana na kuitana wachawi kwa ajili ya jambo hilo. Mchimbaji anayekuambia "maji yapo hapa, nimeyaona kwa jirani" hajakuambia kitu.

Tena dolomia yenyewe ina tabia yake. Maji ya mvua yakipita kwenye udongo yanachukua gesi ya kaboni, yanakuwa na asidi kidogo, na kwa maelfu ya miaka yanalila lile jiwe mpaka ufa unakuwa njia, na njia inakuwa pango. Ndiyo maana linatoa maji mengi, na ndiyo maana birika zetu zinafanya gamba jeupe ndani. Ni jiwe lililoyeyuka hilo. Lakini mchanga huchuja maji, pango halichuji. Kilichomwagwa kwenye shimo la choo huko juu kinaweza kusafiri humo na kufika kwenye pompi ya mwingine kabla vijidudu havijafa. Kanuni inayofuatwa na mashirika ya misaada ni mita 30 angalau kati ya choo na chanzo cha maji, na kwenye mwamba wenye nyufa hata hizo zinaweza zisitoshe. Nionyeshe parseli ya Katuba au ya Kenya, komini (wilaya ndogo) za mji huu, ambapo unaweza kuhesabu mita 30 bila kuingia choo cha mtu.

Sasa nieleze yaliyotupata. Mtoto wa yaya yangu, yaani wa ndugu yangu mkubwa, alitoboa foraji nyumbani kwake katikati ya majira ya mvua, mimi nikiwa Likasi kwenye matanga. Walipatana bei ya jumla, yaani bei moja kwa shimo lote. Mtambo ulifika asubuhi, ukakuta maji ya kwanza, na jioni ile ile ulikuwa umeondoka. Bila shaka uliyakuta upesi! Mwezi wa 2 maji yako juu, mvua imenyesha tangu mwezi wa 11. Mtu wa kazi hii anajua kwamba maji yanashuka kiangazi chote na kufika chini kabisa karibu na mwezi wa 10, kwa hiyo ukitoboa wakati wa mvua ni lazima ushuke mita nyingi zaidi kupita maji ya kwanza. Lakini aliyelipwa bei ya jumla anapata faida kwa kusimama mapema. Ilipofika mwezi wa 9 pompi ilianza kuvuta hewa. Tukavumilia. Mvua kubwa za kwanza zilipopiga, maji yakatoka mekundu na yenye harufu, na wajukuu wawili wakalazwa kwa kuhara. Nilikwenda mwenyewe, nikavunja ule mfuniko wa zege waliouweka juu kama pambo, na chini yake nikaona kandokando ya tiyo, yaani bomba, hakuna simenti hata kijiko kimoja. Walikuwa wamerudisha vumbi la mawe na gravye, yaani kokoto, mpaka juu. Nilishusha ufito ukazama wote. Yaani maji ya uani, ya kuoshea vyombo, ya bata, ya choo kinachofurika mvua ikinyesha, yote yalikuwa na mlango wazi wa kushuka moja kwa moja mpaka kwenye maji ya kunywa. Na si maji yao peke yao! Kile kinachoshuka pale kinaingia kwenye nyufa zile zile ambazo jirani anavuta, na jirani wa jirani. Mchimbaji alipoitwa alijibu kwa simu kwamba foraji mpya huwa hivyo, itajisafisha. Mtu mzima, mwenye mtambo wa pesa nyingi, anawaambia hayo wazazi ambao watoto wao wana serumu (dripu) mkononi.

Mimi nimefanya kazi ya sondaji migodini maisha yangu yote. Pale tulipotafuta shaba, kila mita ya jiwe iliyotoka ilioshwa, ikalazwa kwenye sanduku, ikaandikwa namba na kimo chake, na masanduku yakawekwa kwenye hangari ili mjiolojia wa baadaye aje ayasome upya. Hakuna aliyethubutu kutupa hata kipande. Leo katika mji huu huu mashimo yanatobolewa kila wiki, na mawe yanayotoka yanasukumwa kwa koleo kwenye kaniveau, mfereji wa barabarani. Hakuna anayeandika ni mita ya ngapi jiwe lilibadilika, maji yalikutwa wapi, yalisimama wapi kesho yake. Tungekuwa na karatasi hizo tu, tungekuwa na ramani ya maji ya Lubumbashi bila kulipa mtaalamu yeyote kutoka nje. Tunazo sheria: ile ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema maji ni mali ya umma. Basi mbona kila mtu anatoboa mali ya umma bila kuacha hata alama ya kalamu?

Na hata foraji iliyofanywa vizuri inasimama kwa kukosa umeme. Waya mkubwa umetoka kwenye bwawa la umeme la Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700, kwa ajili ya migodi, na huku kwetu mkondo unakatika siku nzima, hata wakati wa kupika na wa kuoga. Pompi ikinyamaza, mwenye jenereta anauza bidoni la maji kwa bei anayoitaka, na asiye na pesa anarudi kwenye kile kisima kilichochimbwa kwa mkono karibu na choo. Akina mama wanapanga foleni usiku, mabinti wanatumwa gizani. Hili nalo mwandishi wenu hakuliona.

Ninachotaka ni hiki. Hakuna mtambo kuingia kwenye parseli kabla mifuko ya simenti haijashushwa na kuhesabiwa mbele ya mwenye nyumba na mkubwa wa kartie, yaani wa mtaa. Simenti hiyo iliyochanganywa na maji ijaze nafasi ya nje ya tiyo tangu juu mpaka iingie ndani ya mwamba mgumu, na mkubwa wa kartie asimame pale akiangalia inavyomwagwa. Kila mita, konzi moja ya vipande vya mawe itiwe kwenye mfuko wa plastiki wenye namba, na mifuko yote ipelekwe komini pamoja na karatasi moja. Pompi ivute saa nyingi mfululizo huku mtu akipima maji yanashuka kiasi gani. Halafu maji yapelekwe maabara: Shirika la Afya Duniani linasema kusiwe na E. coli, kijidudu cha kinyesi, hata mmoja katika mililita 100. Pesa ya mwisho ya mchimbaji ilipwe siku jibu hilo linapofika, si kabla. Komini yetu ina watu wanaopita kukusanya kodi kwenye vibanda vya makaa. Wanaweza kupita na hapa.

Kwa wale walio na foraji tayari, wasingoje serikali. Wachimbe kandokando ya tiyo kwa mkono, mita 2 au 3 wakiweza, wajaze simenti, na juu yake wamwage zege pana lenye mteremko wa kutoa maji nje. Watie klorini ndani ya foraji, waache usiku mmoja, wavute maji hayo na kuyamwaga mpaka harufu iishe. Kisha wapime. Ufa ulioko chini hawawezi kuuziba, kwa hiyo maji ya watoto wayachemshe, hasa mvua zinapoanza.

Mstaafu wa sondaji,
Komini ya Katuba, Lubumbashi