Babu aliyevaa sare ya Wajerumani

Tabora

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima. Mvua zinasuasua, lakini maembe mwaka huu hayana mwenyewe, na mama yako anakusalimu sana.

Swali lako la kwenye simu sikulijibu kwa sababu mjomba wako alikuwa pembeni, na yeye ukishamwanzishia habari za Wajerumani hamlali. Uliuliza tunamtafutia nini baba wa babu yangu, mtu aliyekufa kwenye Vita Kuu ya Kwanza akiwapigania Wajerumani walewale waliomvamia Mtemi Isike wa Unyanyembe yetu hii mwaka 1893, hata akaona bora ajilipue kwa baruti ndani ya ngome yake kuliko kukamatwa. Umeuliza vizuri, mama. Ila mimi simtafuti ili tumfanye shujaa. Hapa mjini kila ukoo sasa una babu mpigania uhuru. Wetu alikuwa askari wa mshahara, na mshahara wa askari siku zile ulimwacha mbali kibarua. Namtaka vilevile alivyo.

Habari zake unazijua nusu. Shangazi yangu wa Ng'ambo alizipata kwa babu yangu, ambaye baba yake alipoondoka yeye alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Kwa maneno ya shangazi, alifia Itaga, hapa karibu na Tabora, Septemba 1916, Wabelgiji walipokuwa wanausogelea mji. Kigoma walikuwa wameshaichukua Julai, wakafuata reli kuja huku. Wakapigana Lulanguru, wakapigana Itaga, na tarehe 19 Septemba wakaingia Tabora. Baba mdogo naye anashikilia kwamba aliondoka mzima na kikosi cha Jenerali Wahle wa Wajerumani kurudi nyuma kuelekea Iringa, akafia njiani. Na kuna la tatu ambalo nyumbani halisemwi kwa sauti: Wanyamwezi wengi walipoona wanaachishwa nchi yao walitoroka kikosini. Pengine hakufa vitani kabisa, alianza maisha mengine mahali pengine. Likithibitika hilo, mimi sina neno.

Kinachoniumiza zaidi ni ndugu yake wa tumbo moja. Huyo Wabelgiji walimchukua upagazi mwaka 1917, akawabebea mizigo kwenda Mahenge kupigana na jeshi alilokuwamo kaka yake. Alirudi na mguu mbovu. Na askari wa Kibelgiji wenyewe walikuwa Wakongo, wengine wakisema Kiswahili kama sisi. Vitabu vinaiita vita ya wazungu, lakini kwetu sisi ilikuwa vita ya nyumba moja.

Alichoacha ni sarafu. Shangazi ameifunga kwenye pindo la khanga iliyopauka, nayo haiazimwi. Mara hii nimekaa nayo mkononi hadi nikatosheka. Ni ya heller 20, pesa ya Wajerumani, ya rangi ya shaba, ukingo umelika upande mmoja. Ukiiinamisha kwenye mwanga unaona taji, mwaka 1916, na herufi T. T ni Tabora. Wajerumani walikuwa wamezibiwa bahari na Waingereza, fedha haziingii, wakazipiga wenyewe hapahapa kwenye karakana ya reli. Kwa hiyo ni pesa ya mji huu, ya mwaka uleule aliopotea.

Sasa kazi yako. Nenda Nyaraka za Taifa pale Upanga, uombe majalada ya wakati wa Mjerumani ya Tabora. Usitafute kwa tahajia yetu: wao waliandika Unjamwesi, Udjidji, Muansa, kwa hiyo na jina la mtu lifikirie hivyo. Mwandiko wao wa zamani hausomeki kirahisi, piga picha tu kama wanaruhusu, tutamtafuta wa kutusomea. Orodha ya jeshi usiitegemee sana, maana nyaraka nyingi za jeshi la Ujerumani ziliteketea Potsdam kwa mabomu Aprili 1945. Angalia mashauri, kodi, madai ya wajane, popote ambapo karani angelazimika kuandika jina la mtu na la baba yake.

Kwa Waingereza usipoteze nauli. Tume yao ya makaburi ya vita ilikiri mwaka 2021 kwamba wafu wa vita ile wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Na hao ni wa upande wao, walioshinda! Hata ile sanamu ya askari unayoipita ukienda Posta, ya mwaka 1927, waliisimamisha kwa ajili ya watu wao.

Ninachokitaka hasa ni jina la baba yake. Kila hitma tunawataja marehemu wetu, fulani bin fulani, tukimfikia yeye tunataja lakabu aliyopewa kambini, kisha shehe anaendelea na anayefuata. Ukipata hiyo "bin" peke yake, hata usipoona kaburi wala cheo, inanitosha.

Nauli na hela ya kutoa kopi nimekutumia kwenye simu jana. Shangazi anakukumbusha dawa yake ya kuchua mgongo, ile ya kopo la kijani, si ile uliyoleta Idi.

Baba yako