Kabla ya kuilaumu katuni mpya, tazameni televisheni na waya za spika

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuingie katika mjadala unaoendelea mabarazani, kuanzia Mji Mkongwe na Michenzani hadi Chake Chake, kuhusu filamu mpya ya katuni ya kisayansi, ile ya vyombo vya angani. Walioiona wamegawika. Wapo wanaoisifu hadi wanapitiliza, na wapo walioapa kwamba hawairudii. Hatuna ugomvi na anayesema hadithi inakimbia mwishoni au mhusika fulani kaachwa njiani; hayo ni maoni na kila mtu ana yake. Kinachotukera ni malalamiko matatu yanayorudiwa kila pahala na kubandikwa kwa watengenezaji: kwamba picha inakwamakwama, kwamba nusu ya filamu ni kiza kitupu, na kwamba muziki unameza maneno. Sisi ambao kazi yetu ni kufunga mitambo na kuonesha filamu tunasema makosa haya matatu mara nyingi hutokea njiani, baina ya faili na macho ya mtazamaji. Yanatengenezeka, na mengine hayagharimu hata shilingi.

Tuanze na kukwama. Filamu huenda fremu 24, yaani picha mojamoja 24, kwa sekunde. Katika katuni si lazima mchoro ubadilike kwa kila fremu. Aghalabu mchoro mmoja hushikiliwa kwa fremu mbili, hivyo sekunde moja hubeba michoro 12 tu. Ni utaratibu wa tangu enzi za kuchora kwa mkono, na siku hizi hata wanaofanya kazi kwa kompyuta wanaurudia kwa makusudi, kwa sababu kila mkao hupata uzito na ngumi huonekana kuwa ngumi. Spider-Man: Into the Spider-Verse ya mwaka 2018 iliupa mtindo huu umaarufu mpya. Kijana Miles, akiwa bado hajajua kuruka, anaendeshwa kwa michoro 12, na mwenzake mzoefu aliye pembeni yake kwa 24. Mtazamaji anahisi ugeni wa yule kijana bila kuambiwa neno. Kwa hiyo anayeona mhusika akienda kwa mishtuko midogomidogo hajaona kosa, ameona uamuzi wa mchoraji.

Kosa linaingia pale televisheni inapojitia kusaidia. Televisheni nyingi mpya hutoka dukani zikiwa na kipengele kinachobuni fremu za katikati: hutazama fremu ya kwanza na ya pili, hukisia ambayo ingekuwa baina yao, kisha huichomeka. LG hukiita TruMotion, Samsung hukiita Auto Motion Plus (katika televisheni zake za karibuni Picture Clarity), na Sony Motionflow. Kwa mpira kinafaa. Kwa katuni ni balaa. Mchoro ulioshikiliwa kwa fremu mbili haujasogea, basi mashine hukuta fremu mbili zilizo sawa, haina la kubuni. Halafu ghafla mchoro unaruka, nayo hulainisha ule mruko peke yake. Mwendo unakuwa laini, unasimama, laini, unasimama, na mtu anaondoka akisema filamu mbovu. Pembeni ya mkono unaopita kwa kasi huzuka utando, mistari ya wino hukatika, na vidole huyeyuka.

Dawa iko kwenye rimoti: ingia menyu ya picha, kitafute kipengele hicho, kizime. Ukishindwa kukitambua, chagua hali ya picha inayoitwa Filmmaker Mode, ambayo hukizima kabisa. Hali ya Movie au Cinema hukipunguza tu katika baadhi ya televisheni, kwa hiyo bado unapaswa kuhakikisha. Hali ya Vivid iacheni dukani, ilikowekwa ili kushindana na taa za dukani. Anayetaka kupima kabla na baada atazame Kizazi Moto: Generation Fire ya mwaka 2023, filamu fupi 10 za sayansi za kubuni kutoka kwa watengenezaji wa Afrika, kila moja ina mtindo wake wa kuchora, na tofauti ataiona ndani ya dakika chache.

Ipo sababu ya pili ya kukwama, nayo ni nakala yenyewe. Nakala iliyopitia mikono mingi huenda imebadilishwa kutoka fremu 24 kwenda 30. Ili hesabu itimie, kila baada ya fremu nne moja hurudiwa. Katika mazungumzo haionekani, lakini kamera ikipita polepole juu ya mji, picha inadundadunda. Hapo hakuna rimoti itakayosaidia. Ni kutafuta nakala halali, yenye haki ya kuoneshwa hadharani, na kwa anayetoza kiingilio hilo halina mjadala.

Kiza sasa. Projekta haiwezi kutupa weusi. Inaweza kutupa mwanga tu, na weusi wa picha ni weusi wa turubai lenyewe pale mwanga usipofika. Kama ukuta unaonekana kijivu kwa sababu ya taa ya duka la jirani, basi anga lote la filamu litakuwa kijivu hichohicho, na chombo cheusi kinachopita mbele ya anga jeusi hakitaonekana abadani. Kupandisha mwangaza kwenye menyu kunaongeza ukungu tu. Kinachosaidia ni kuzima taa zinazopiga kwenye turubai na kusubiri kiza. Magharibi kwetu huingia baina ya saa 12 na dakika 10 hivi na saa 12 na dakika 45, kutegemea mwezi, na kiza cha kutosha kinataka zaidi ya nusu saa baada ya hapo. Kuanza baada ya sala ya Isha kunatatua mambo mawili kwa pamoja: anga limeshakuwa jeusi, na adhana haimkuti mhusika katikati ya sentensi.

Halafu hesabu ya mwanga. Chukua lumeni za projekta, yaani kipimo cha mwanga inaoutoa, gawa kwa eneo la picha kwa mita za mraba. Projekta ya lumeni 3,000 ikitupa picha yenye upana wa mita 6 na kimo cha mita 3.4 inapata kiasi cha lumeni 147 kwa kila mita ya mraba, ambazo kwenye turubai jeupe zinakaribia sana kiwango cha kumbi za sinema. Ongeza upana hadi mita 12 kwa projekta ileile na mwanga unashuka mara nne, si mara mbili. Hapa ndipo waandaaji wengi wanapojiponza: wanataka picha kubwa kuliko ya mwenzao wa mtaa wa pili. Na lumeni zinazohesabika ni zile zilizoandikwa ANSI, yaani zilizopimwa kwa kanuni rasmi. Vile vijiprojekta vidogo vinavyouzwa vikiwa vimeandikwa 9,000 bila neno hilo, mwanga wake halisi ni sehemu ndogo tu ya namba hiyo. Kwa umbali, projekta nyingi za kawaida zinataka mita 1.5 hivi kwa kila mita moja ya upana, yaani mita 9 kwa picha ya mita 6. Iwekwe usawa na turubai. Ukiipinda halafu ukainyoosha picha kwa menyu, unapoteza pikseli na mistari myembamba ya wino inakuwa na meno.

Michirizi inayoonekana kwenye anga la usiku, kama ngazi za rangi, nayo ni ya nakala iliyobanwa mno. Rangi ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila moja ya rangi tatu za msingi, na ngazi za kiza ndizo za mwanzo kutupwa faili linapominywa. Filamu ya vyombo vya angani huumia hapa kuliko filamu ya mapenzi.

Na msiikuze picha ili ijae skrini. Filamu nyingi za aina hii zina upana wa 2.39 kwa kimo cha 1, na skrini ya kawaida ni 16 kwa 9, kwa hiyo mistari myeusi ya juu na chini ni haki yake. Ukiikuza hadi mistari iondoke, unakata robo ya picha pembeni.

Tumeiacha sauti hadi sasa kwa sababu ndiyo yenye mengi. Sauti ya filamu hizi huchanganywa kwa njia sita: tatu za mbele, mbili za nyuma, moja ya besi. Maneno ya wahusika karibu yote yamo katika njia ya mbele ya katikati. Mitambo yetu, ambayo mingi ni ya harusi na taarabu, ina njia mbili, kushoto na kulia. Laptopu ikiwa imepangwa kutoa njia sita na wewe umechukua mbili, muziki na milipuko vinafika na maneno yanabaki ndani ya waya. Nenda kwenye mipangilio ya sauti ya laptopu uchague sterio, ili programu ichanganye ya katikati ndani ya kushoto na kulia. Kama ni televisheni, badilisha sauti inayotoka iwe PCM, ili itoke kwa njia mbili.

Kosa la pili ni la waya, na linawasumbua hata mafundi wazoefu. Mtu anachukua pini ya sterio ya milimita 3.5 kutoka kwenye laptopu, upande wa pili jeki moja kubwa au XLR, ile plagi ya maikrofoni, anachomeka katika njia moja ya mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti. Njia hiyo ya mikisa imeundwa kuchukua tofauti ya waya mbili: kushoto kutoa kulia. Chochote kilicho sawa pande zote mbili kinajifuta, na kilicho sawa pande zote mbili ni maneno ya wahusika. Kinachobaki ni muziki unaosikika kama uko ndani ya kisima. Kupima ni rahisi: kwenye laptopu vuta balansi yote kushoto. Maneno yakirudi, mwizi ni waya. Tumia waya unaogawika kuwa jeki mbili za mono, ziingie njia mbili za mikisa, moja ielekezwe kushoto na nyengine kulia.

Eko ya mwimbaji izimwe. Mara nyingi imebaki wazi tangu harusi ya juzi. Besi ishushwe, na eneo la baina ya hezi 2,000 na 4,000, ambako konsonanti zinasikika, lipandishwe desibeli mbili au tatu, si zaidi, maana ukizidisha masikio yanachoka kabla ya nusu ya filamu. Spika zikae pembeni ya turubai, si karibu na projekta. Sauti huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde, hivyo aliye mita 17 kutoka kwenye spika anasikia nyuma kwa sehemu moja ya ishirini ya sekunde, na hilo linavumilika. Spika ya Bluetooth huongeza sehemu moja ya kumi au zaidi juu ya hapo, na midomo inaachana na maneno. Tumia waya, ukikosa, katika VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza herufi J, kila mbonyezo unaiwahisha sauti kwa milisekunde 50, na K unaichelewesha.

Nakala zenye mtafsiri anayezungumza juu ya filamu zina raha yake, hatukatai. Lakini sauti ya asili hushushwa ili yeye asikike, na mengi anayoyasema ni yake. Tumesikia watu wakibishana vikali juu ya nia ya adui wa filamu hii, kumbe wanabishana juu ya utani wa mtafsiri.

Mwisho ni upepo. Wakati wa kusi turubai la mita 6 ni tanga. Lifungwe kamba pande zote nne kwenye fremu ya mabomba, na miguu ikaliwe na viroba vya mchanga. Turubai likicheza, hata picha bora itaonekana imetoka nje ya fokasi.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Unapochapa maoni ya watazamaji katika ukurasa wa burudani, waulizwe pia wameiona wapi, kwenye skrini gani, na nakala ya aina gani, na majibu hayo yachapwe pamoja na maoni yao.

Wasaalam,
Mafundi wa mitambo na wapenzi wa katuni,
Mjini Unguja