Mkesha wa Pasaka usianze jua likiwaka

Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie mapadre, makatekista na kamati za liturujia hapa Uganda kabla ratiba za Juma Kuu hazijabandikwa milangoni. Zipo parokia na vigango, yaani makanisa madogo ya parokia, vinavyoanza Mkesha wa Pasaka, Misa ya usiku wa kuamkia Pasaka, saa kumi na moja jioni. Sababu zinaeleweka: watu wanatoka mbali, bodaboda za usiku ni ghali, na njia zina wezi. Lakini muumini aliyefunga Kwaresima nzima akiitamani nuru ya Kristo, ataionaje nuru hiyo jua likimpiga usoni?

Kanisa lilishapitia hali hii. Kwa karne nyingi Mkesha uliadhimishwa Jumamosi asubuhi, shemasi akiimba katika Mbiu ya Pasaka kwamba huu ndio usiku, na nje mchana mweupe. Papa Pius wa 12 alianza kuurudisha usiku mwaka 1951, na waraka wa Roma wa mwaka 1988 ukakaza: usianze kabla ya giza kuingia. Kwetu jua huzama karibu na saa moja, Pasaka iwe Machi au Aprili. Basi tuanze saa moja na nusu.

Kuni za moto unaowashwa nje ya kanisa mwanzoni, ambao Mshumaa wa Pasaka huwashwa kwao, zihifadhiwe pakavu, maana ni majira ya mvua. Zikilowa, mtu hukimbilia petroli, nayo hulipuka mbele ya watoto wa altareni. Moto ukolee mapema, kwa sababu makaa ya chetezo cha ubani hutoka humo humo.

Kanisa huanza likiwa gizani, kwa hiyo mtu mmoja akae kwenye swichi. Asizime swichi kuu, vipaza sauti vitakufa. Azime taa peke yake. Taa za sola za uani hujiwasha zenyewe giza likiingia, kwa hiyo zifunikwe kwa gunia.

Mshumaa wa Pasaka uwe wa nta, mpya kila mwaka, na mmoja tu. Bomba la plastiki lenye mafuta ndani halifai hata likipambwa vipi. Padre huchora msalaba, Alfa juu, Omega chini, tarakimu nne za mwaka kwenye pembe, kisha huchomeka punje tano za ubani. “Mwanga wa Kristo” huimbwa mara tatu. Baada ya mara ya pili waumini huwasha mishumaa yao. Baada ya ya tatu, mbele ya altare, ndipo taa za kanisa huwashwa. Mishumaa ya altare husubiri wimbo wa Utukufu.

Wafundisheni watu kupokezana moto: mshumaa usiowaka ndio unaoinamishwa, unaowaka unabaki wima, la sivyo nta ya moto inamwagikia mkono wa jirani. Mama anampa moto kijana asiyemjua, na wake haupungui hata kidogo. Upendo wa Mungu unaohubiriwa mwaka mzima, hapo mtu anaushika mkononi. Tochi ya simu haiwezi kuwasha mshumaa wa jirani, simu zizimwe.

Masomo ya Agano la Kale ni saba. Yanaweza kupunguzwa hadi matatu, ila Kutoka sura ya 14 halirukwi kamwe. Kinachoniuma ni jinsi somo la saba, Ezekieli 36, linavyotupwa kirahisi. Likiondoka, Zaburi ya 42 na ya 43 zilizopangwa kulifuata huondoka nalo: ayala mwenye kiu ya maji, na nafsi inayomwomba Mungu atume nuru yake imwongoze. Hamu yote ya usiku ule imo humo. Kama muda ni mfupi, punguzeni matangazo na hotuba za wanasiasa mwishoni mwa Misa.

Kuhusu usalama, jumuiya ndogondogo zipange kurudi kwa makundi, na parokia ianze sasa kuchangisha mafuta ya lori la kuwafikisha nyumbani wazee na wanaokaa mbali.

Msomaji wako,
Tororo