Waambie vijana waweke kiberiti chini

Swaibu ndugu yangu,

Salaam kutoka Nakasongola, mvua imeanza kidogo na ng'ombe nao wanapumua. Picha zako za huko Kiryandongo nimeziona, sasa hizo nyasi ndefu zenye suke jembamba kama mkia wa panya si malisho bwana, ni sporobolo, ng'ombe anaila ikiwa changa tu, ikikomaa inamshinda meno anaipita anaenda kumaliza zile nzuri, basi yenyewe inabaki imesimama inamwaga mbegu.

Umesema vijana wanataka kuzichoma moto. Wangoje! Moto unakula majani tu, kitako kiko salama chini kinachipua tena, halafu udongo unabaki uchi na mbegu zilizolala zinapata nafasi, na hizo zinaweza kulala hata miaka 10. Australia nyasi hii hii yetu ya Afrika iliingia ndani ya mbegu za malisho miaka ya 1960, mpaka leo wanapigana nayo, na wao wana matrekta.

Penye mashina machache piga jembe, toa na kitako chote kabla haijatoa suke. Penye mengi ni glifoseti, ile dawa ya kuua magugu, ila usipulize ovyo maana inaua hata nyasi nzuri. Ingiza ng'ombe kwanza wazile zile nzuri ziwe fupi, wakitoka unapita na tambara lenye dawa kwenye fimbo unazipaka zile zilizobaki zimesimama. Inachosha, najua. Vaa glavu, na ng'ombe wasirudi kabla ya siku zilizoandikwa kwenye kopo.

Lakini wengi wanachoharibu ni baada ya hapo, wanang'oa wanaacha vipara vya udongo mtupu, na kipara ndio nyumba yake. Sisi huku na mchwa wetu wanaomaliza nyasi tunavijua vipara! Penye kipara hamishia boma la usiku, ng'ombe walale hapo wiki mbili hivi, mbolea ijae, kisha panda nyasi za malisho, brachiaria au Rhodes, na usijaze mifugo mapema.

Hao ng'ombe wa mnadani nao wakifika wafungie zizini wiki nzima, mbegu zinapita tumboni zinatoka kwenye mavi zikiwa hai.

Vipando vya brachiaria ninavyo, mtume kijana na pikapu, ila aoshe matope kwenye matairi huko huko kwako, asiniletee mbegu hapa.

Nisalimie mama watoto.

Juma